Wanasema Amepona

Ukipita karakana ya mume wangu hapa Kihonda, Morogoro, utamkuta anapiga randa ubao wa mninga na utasema huyu bwana hana tatizo lolote. Mkono hautetemeki. Anakusalimia, anakuuliza habari za nyumbani. Kovu la ajali limefunikwa na nywele. Ndugu zake wakija kumjulia hali hukaa nusu saa, wakanywa chai, wakacheka naye, kisha wakaondoka wakimshukuru Mungu kwamba amepona. Mimi ninayebaki naye ndiye ninayemwona akijitupa kitandani baada ya wao kufika barabarani, viatu viko miguuni, hawezi kula wala kujibu swali.

Alikuwa abiria wa bodaboda, bila kofia ngumu, pikipiki ilipoteleza kwenye mchanga kando ya barabara ya Dodoma. Alipoteza fahamu, akazinduka njiani. Picha ya CT ilionyesha damu kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, isiyohitaji upasuaji. Baada ya siku chache akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo niliyaelewa maandishi ya faili lake. Wagonjwa wa kichwa tunawapima kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Uskoti mwaka 1974. Tunaangalia mgonjwa anafumbuaje macho, anajibuje akisemeshwa, anasogezaje viungo vyake. Alama ya chini kabisa ni 3, ya juu ni 15. Mume wangu alitoka na 15. Ni kipimo kizuri na sitakisema vibaya, maana kinatuonyesha haraka nani yuko hatarini. Lakini kinapima kama mtu yuko macho na anajitambua. Hakiulizi kama ataweza kupiga hesabu ya mbao za mlango huku simu inaita na mteja anamsemesha.

Ubongo ni laini kama mtindi uliogandia vizuri kwenye kibuyu, na umeelea ndani ya maji yake katika fuvu gumu. Kichwa kikigonga lami, fuvu linasimama lakini ubongo unaendelea na safari, unajipiga mbele, unarudi nyuma, unajizungusha. Chini ya paji la uso na kwenye panja, mfupa wa ndani una makunyanzi na kingo, ndiyo maana sehemu hizo za ubongo huumia mara nyingi. Zaidi ya hapo, nyuzi nyembamba zinazobeba habari kutoka upande mmoja kwenda mwingine huvutika na nyingine hukatika. Nyuzi hizo ni ndogo mno kuonekana kwenye picha ya CT. Picha inaweza kutoka safi na mtu akawa ameumia kweli.

Sehemu ya mbele ndiyo inayopanga. Kutengeneza mlango ni hatua nyingi zinazofuatana: kupima tundu la ukuta, kuchagua mbao, kukata, kutoboa, kuunga, kupiga msasa, kupaka vanishi. Kila hatua mume wangu anaijua vizuri kuliko fundi yeyote mtaani. Kilichoharibika ni ule mnyororo. Alikuwa akimaliza kukata, anasimama na futi mkononi, hajui kinachofuata ni kipi. Au anachukua malipo ya awali kwa mteja asubuhi, jioni hakumbuki kama mteja huyo alifika. Watu wakaanza kusema fundi amekuwa tapeli. Neno hilo liliniuma kuliko ajali yenyewe, kwa sababu ninamjua mtu niliyeolewa naye.

Kisha kuna kelele. Ubongo mzima huchuja sauti bila wewe kujua. Unaongea na jirani na redio iko pembeni, husumbuki. Kwake kila sauti inaingia na nguvu zake zote. Mashine ya kuchana mbao, muziki wa baa ya jirani, watoto wanaosoma kwa sauti, vyote vinagombania nafasi moja. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili lakini hutumia karibu moja ya tano ya nishati yake. Ulioumia hutumia juhudi kubwa zaidi kwa kazi ileile. Uchovu unaokuja hapo si ule wa kubeba magogo. Anazimika. Maneno yanampotea, anaita nyundo "hiyo ya kugongea", na ukimharakisha anafoka.

Hasira ndiyo iliyotutenganisha na watu. Zamani alikuwa mpole hadi mama mkwe akimtania. Sasa jambo dogo linamwasha, na baada ya dakika chache ametulia, anashangaa kwa nini watoto wamekimbilia nje. Wapo waliosema karogwa, na shemeji yangu alishataka tumpeleke kwa mganga. Wengine walisema ni kiburi. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia, "Mimi mzima, mke wangu," na hadanganyi. Sehemu ya ubongo iliyoumia ndiyo ileile ambayo mtu hujichunguza nayo. Hilo ninaomba wasomaji walielewe kwa huruma: mgonjwa anaweza asiuone ugonjwa wake, na kumbishia hakumsaidii.

Hata pua imepotea. Nyuzi za kunusa hupita kwenye mfupa wenye vitundu vidogo juu ya pua, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu zinaweza kukatika hapo hapo. Alikuwa akinusa pumba za mbao akakwambia huu mvule, huu mninga, huu umekatwa mbichi. Sasa mbao zote kwake ni sawa, na wali unaweza kuungua jikoni yeye amekaa pembeni. Tumeacha kumwachia jiko la gesi akiwa peke yake.

Ndugu wakinibishia huwaeleza habari ya Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani. Mwaka 1848 baruti ililipuka na mtaimbo ukapenya shavuni, ukatokea juu ya kichwa. Aliishi. Aliongea, alitembea, lakini waliomfahamu walisema tabia imegeuka, na kazi yake ya usimamizi hakurudishiwa. Wengi huishia hapo. Mimi hupenda kuendelea: baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Kazi yenye ratiba, njia ileile, hatua zilezile kila siku. Alifariki mwaka 1860.

Ratiba ndiyo iliyotuokoa na sisi. Kwenye ukuta wa karakana kuna ubao mweusi. Kila oda imeandikwa kwa chaki hatua kwa hatua, na hatua ikiisha inafutwa. Kupima na kukata ni asubuhi, kichwa kikiwa kipya. Mchana analala. Alasiri ni msasa na vanishi. Simu anashika kijana wake wa kazi, na ndiye anayeendesha msumeno wa umeme, kwa kuwa kifafa kinaweza kumpata mtu miezi au hata miaka baada ya kuumia kichwa. Pesa zinaingia kwenye simu yangu na risiti inaandikwa mbele ya mteja. Pombe hagusi. Harusini tunakaa mbali na spika na tunaondoka mapema, na atakayenuna anune.

Amepata nafuu, na bado anaendelea kupata. Miezi ya mwanzo mabadiliko huwa ya haraka, kisha mwendo hupungua, lakini hausimami. Hata hivyo kuna mtu niliyempoteza, na kwa msiba wa aina hii hakuna anayekuja kutandika mkeka nyumbani kwako. Ninalia peke yangu, halafu ninakwenda kazini.

Huko kazini, majeruhi wa pikipiki akiruhusiwa, ninamwita ndugu atakayeishi naye. Ninamwambia aangalie usingizi, hasira, kusahau, kuchukia kelele na mwanga, pua kutonusa, na kwamba haya yanaweza kujitokeza akisharudi kwenye shughuli zake. Ninamwambia ayaandike na arudi nayo, asisubiri mgonjwa ajieleze. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika mfululizo, akilegea upande mmoja au akipata degedege, amlete siku hiyo hiyo, hata usiku. Ningependa maneno hayo yachapwe kwenye karatasi ya kila anayeruhusiwa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama mkwe wangu anaweza kuzisoma bila miwani.