Nani apande ndege: mshindi wa majaribio au mwenye jina?

WAKATI wa Maulidi ya Lamu punda hukimbizwa kando ya bahari, na watu wa Langoni hutoka vichochoroni kwenda kushangilia. Punda aliyetangulia kufika ndiye mshindi. Hakuna kamati inayokaa usiku kuuliza mwaka jana alikimbiaje, wala mwenyewe ni mtoto wa nani.

Timu ya Olimpiki haipatikani kirahisi hivyo. Kila nchi huruhusiwa wakimbiaji watatu tu katika mbio moja, na Kenya inao wengi zaidi wanaoweza kurudi na medali. Ndiyo maana hufanywa majaribio ya kitaifa. Je, siku hiyo moja iamue yote?

Mwaka 1996 Daniel Komen alimaliza wa nne katika majaribio ya mita 5,000, akaachwa. Dhahabu ya Atlanta ikaenda Burundi kwa Venuste Niyongabo. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo, Komen alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 mjini Rieti, Italia, kwa dakika 7:20.67, na rekodi hiyo ikadumu hadi 2024! David Rudisha naye alikuwa wa tatu katika mita 800 kule Eldoret mwaka 2016. Alichukuliwa, na Rio akaleta dhahabu.

Basi tuwaachie wateuzi? Hapo ndipo penye mashaka. Marathoni ya 2012 iliamuliwa mezani. Patrick Makau, aliyeshikilia rekodi ya dunia, aliachwa. Geoffrey Mutai, bingwa wa Boston na New York mwaka 2011, vilevile. Waliokwenda walileta fedha na shaba, lakini dhahabu ilichukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda. Marekani nako, mwaka 2014, Mirai Nagasu alishika nafasi ya tatu katika ubingwa wa taifa wa kuteleza kwenye barafu, akapelekwa Ashley Wagner aliyekuwa wa nne.

Sasa mfikirie kijana wa Langoni. Huvuka kwa boti hadi Mokowe, apande basi hadi Mombasa, ndipo aitafute Nairobi. Wateuzi hawamjui, wala hana wakala Ulaya. Majaribio yakipuuzwa, yeye abaki na nini?

Maoni yangu ni kwamba wawili wa kwanza wasiguswe na mtu. Nafasi ya tatu iwe ya kamati, ili asipotee Komen mwingine, lakini masharti yaandikwe na kutangazwa kabla ya mbio, na sababu ya kumchagua mtu isomwe hadharani. Atakayeachwa hapo atajua la kufanya. Eliud Kipchoge alikuwa wa saba katika majaribio ya mita 5,000 mwaka 2012. Hakwenda London. Mwaka uliofuata aliingia marathoni, akashinda Hamburg.