KWA NINI CHOMBO HUPINDUKA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika masomo tunayofundishwa darasani ni machache yawezayo kuokoa maisha ya mtu kama somo la uzito na msimamo wa vitu. Wengi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau siku ile ile ya kurudisha vitabu. Mimi ni mzaliwa wa kisiwani katika Ziwa Viktoria, na kila muhula unapofungwa sina njia ya kufika kwetu ila kwa maji. Kwa hiyo nimelisoma somo hili kwa bidii, nami nataka kulieleza hapa kwa maneno mepesi, ili hata mzazi asiyepata kusoma fizikia aweze kulifuata.

Kitovu cha uzito

Kila kitu huvutwa chini na dunia. Kila sehemu ya kitu ina uzito wake, lakini twaweza kuuhesabu uzito wote kana kwamba umekusanyika mahali pamoja. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Ukiweka rula juu ya kidole nayo ikatulia bila kuanguka, ujue kwamba kitovu chake kipo juu ya kidole chako hasa.

Sasa chukua kiberiti kilichojaa njiti. Kilaze mezani, ukiinue kidogo upande mmoja, kisha ukiachilie. Kitarudi mahali pake. Halafu kisimamishe wima, ukiinamishe kadiri ile ile uliyokiinua kwanza. Safari hii kitaanguka. Kiberiti ni kile kile na uzito ni ule ule, lakini mambo mawili yamebadilika: kitovu cha uzito kimepanda juu, na kitako kimekuwa chembamba.

Kanuni yake ni hii. Kitu husimama maadamu mstari utokao katika kitovu cha uzito kwenda chini, ulionyooka kama uzi wa timazi ya fundi mwashi, waangukia ndani ya kitako chake. Mstari huo ukitoka nje ya kitako, uzito ule ule uliokuwa ukikiweka imara ndio utakaokiangusha. Mama zetu wanaijua kanuni hii bila kuisoma. Mama abebaye ndoo ya maji kichwani huweka kata, hunyoosha shingo, naye huenda bila kuyumba, ili uzito wa ndoo usiache kuwa juu ya nyayo zake.

Chombo majini

Majini mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa maji hayana sakafu ya kukalia. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani, alieleza kwamba maji hukisukuma juu kitu kilichomo ndani yake kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando. Basi chombo kielealo kina nguvu mbili: uzito wake unaokivuta chini, na msukumo wa maji unaokiinua.

Chombo kikilalia kulia, ubavu wake wa kulia huzama zaidi. Kwa hiyo msukumo wa maji nao huhamia kulia, ukauinua ubavu ule, na chombo hurudi wima. Hivyo ndivyo mtumbwi mzuri unavyocheza juu ya mawimbi usipinduke. Lakini kama kitovu cha uzito kipo juu mno, chombo kinapoinama kitovu hicho huinama pamoja nacho, hata kikaupita msukumo wa maji. Hapo zile nguvu mbili zilizokuwa zikikirudisha chombo husaidiana kukipindua. Jambo hili hutokea kwa dakika chache tu, pengine chini ya hapo.

Ndiyo sababu manahodha wa pwani huweka farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa ndani ya jahazi lisilo na shehena. Farumi hukiteremsha kitovu cha uzito. Ngalawa nayo husaidiwa na yale mabao mawili yaeleayo kando zake, ambayo huupa mtumbwi mwembamba kitako kipana.

Tufanye hesabu. Tuseme mtumbwi una kilo 150, na kitovu chake kipo sentimita 20 juu ya sehemu yake ya chini kabisa. Ndani yake wamo wanafunzi sita wa kilo 50 kila mmoja, jumla kilo 300. Wakiketi, kitovu chao kipo kiasi cha sentimita 50. Zidisha 150 kwa 20, na 300 kwa 50, ujumlishe, kisha ugawanye kwa 450. Jibu ni sentimita 40. Sasa wote wasimame, kitovu chao kifike sentimita 95. Hesabu ile ile itatoa sentimita 70. Hakuna mtu aliyeongezeka wala mzigo uliopakiwa, lakini kitovu cha uzito kimepanda sentimita 30 kwa watu kusimama tu!

Mifano ya kweli

Mwaka 1628 mfalme wa Uswidi alikuwa ameundiwa merikebu kubwa ya vita iitwayo Vasa, yenye mizinga 64. Kabla ya safari walijaribu uimara wake kwa kuwakimbiza mabaharia 30 sitahani, toka ubavu huu hata ubavu huu. Baada ya kukimbia mara tatu jaribio lilisimamishwa, maana merikebu iliyumba kiasi cha kutisha. Hata hivyo iling'oa nanga tarehe 10 Agosti. Haikusafiri hata kilomita 2. Upepo uliilaza, maji yakaingia katika matundu ya mizinga, ikazama mbele ya watu wa Stockholm. Sehemu yake ya juu ilikuwa nzito mno, na farumi iliyokuwamo haikutosha kuishikilia.

Kwetu Tanzania mifano ni ya uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa njiani kwenda Mwanza, na mamia ya watu walipotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na nafasi ya abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Ufukwe ulikuwa ukionekana. Jambo hili latufundisha kwamba mahali pa hatari si katikati ya ziwa peke yake. Chombo kinapokaribia gati, watu husimama, huchukua mizigo yao, na husogea wote upande wa kushukia. Kitovu cha uzito hupanda juu na kwenda kando kwa wakati mmoja, na hakuna jambo baya kuliko hilo kwa chombo kilichojaa kupita kiasi.

Hata barabarani

Wasiosafiri kwa maji wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kiendacho hutaka kuendelea kwenda moja kwa moja, mpaka nguvu nyingine ikigeuze. Basi likikata kona, magurudumu yake hugeuzwa kwa kushikana na barabara, lakini magunia yaliyofungwa juu ya keria yataka kwenda mbele. Chini kwavutwa huku, juu kwaelekea kule, na basi laweza kulala ubavu. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu inayohitajiwa kuligeuza basi katika kona ile ile huwa mara nne. Dereva akatapo kona kwa kilomita 80 kwa saa amejitwisha kazi mara nne ya yule aikataye kwa kilomita 40.

Yatupasayo

Kwanza, mizigo mizito iwekwe chini, na katikati ya chombo. Pili, tuketi, na tukae hivyo mpaka chombo kifungwe gatini. Tatu, watu wakianza kujazana upande mmoja, tusiwafuate. Nne, maji yaliyoingia mtumbwini yakumbwe upesi, maana chombo kikiinama maji hayo hukimbilia upande ule ule na kuuongezea uzito. Tano, chombo kikijaa kupita kiasi, tungoje kingine, hata kama tutachelewa kufika shuleni siku moja.

Hili la tano ndilo gumu, kwani nauli huwa imekwisha kulipwa na mwenye chombo husema bado nafasi ipo. Nawaomba wazazi watupe ruhusa ya kubaki ufukweni siku kama hiyo, na walimu wasituadhibu kwa kuchelewa kwa sababu hiyo. Ziwa halijali aliye na haraka, wala kanuni za uzito hazimjui mwenye tiketi na asiye nayo.