Kumwamini Katibu si Kumtelekeza



Katika ukaguzi wangu kwenye chama kimoja cha msingi huku milimani, niliwauliza wajumbe wa Bodi mara ya mwisho walihesabu lini mifuko ya mbolea iliyomo ghalani. Walijibu kwa fahari kwamba wao hawamwingilii katibu, kwa kuwa wanamwamini. Tulipohesabu, mifuko 11 haikuonekana. Sikupata ushahidi wowote kwamba katibu ameiba. Lakini naye hakuwa na saini ya mtu yeyote ya kumtetea. Waliomsifu asubuhi, jioni walimwita mwizi.

Huo ndio uongozi wa kuacha mambo yajiendee, nao si jambo geni. Mwaka 1939 wataalamu Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya Marekani juu ya vikundi vya wavulana wenye kufanya kazi za mikono. Kikundi kilichoachwa bila mwongozo kilifanya kazi kidogo tena hafifu. Kilichoongozwa kwa amri kilifanya kazi, lakini kililegea mara kiongozi alipotoka. Kilichoshauriana na kiongozi wake kiliendelea na kazi hata alipokuwa hayupo.

Kwa hiyo dawa si kumwandama katibu kila saa. Kabichi iliyopakiwa Lushoto kuteremka Mombo haingoji kikao. Katibu sharti awe na uhuru wa kukodi lori na kupatana bei. Lakini uhuru huo uandamane na mambo matatu.

Kwanza, Bodi iandike kiasi cha fedha ambacho katibu aweza kutumia bila kuuliza. Pili, kila mwisho wa mwezi wajumbe wawili wahesabu ghala na fedha pamoja naye, kisha wote watie saini. Tatu, katibu atoe taarifa mbele ya Bodi, na Bodi mbele ya Mkutano Mkuu, ambao kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ndio wenye mamlaka ya juu katika chama.

Msimngojee mkaguzi: yeye huja mara chache, panya huja kila usiku. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pamoja nayo hupotea jina jema la mtu. Ndugu Katibu, ikiwa wewe ni mwaminifu, uwe wa kwanza kuomba kukaguliwa.