Rwanda: Ulinzi Unaoanzia Darasani

Mlinzi hodari hangoji adui avuke mpaka ndipo ashike silaha. Kanuni hiyo, ambayo kila askari anaifahamu, ndiyo iliyofuatwa na jirani yetu Rwanda dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, maradhi ambayo katika mwaka 2022 pekee yaliua wanawake wapatao 350,000 duniani, walio wengi wakiwa wa nchi zinazoendelea.

Saratani hiyo karibu kila mara husababishwa na virusi viitwavyo kwa kifupi HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili wenyewe huvishinda. Lakini vikidumu mwilini huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa saratani, bila maumivu wala dalili. Chanjo huzuia maambukizo; haiviondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Ndiyo sababu hupewa msichana angali mdogo.

Mwezi Aprili 2011 Rwanda ilianza kutoa chanjo hiyo nchini kote, ikiwa ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Kampuni ya Merck iliitoa bila malipo kwa miaka 3 ya mwanzo. Baadhi ya wataalamu waliuliza, katika jarida la Lancet, kama nchi maskini haikuwa na maradhi mengine ya kushughulikia kwanza. Swali hilo lilikuwa la haki. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa Rwanda walikuwa wakipata chanjo za kawaida. Njia ya kuifikisha hii mpya ilikuwa imekwisha kutengenezwa.

Basi chanjo ikapelekwa shuleni, kwa wasichana wa darasa la 6, na wahudumu wa afya wa vijijini wakawatafuta wasiokuwa shuleni. Katika mwaka wa kwanza asilimia 93 ya wasichana hao walikamilisha dozi zote 3. Ushindi huo haukuletwa na utajiri, bali na orodha sahihi, wazazi walioelezwa mapema, na nidhamu ya utekelezaji.

Nchini Tanzania chanjo hiyo ilianza kutolewa kote mwaka 2018. Tangu mwaka 2024 hutolewa dozi 1 tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Askari huhamishwa mara kwa mara pamoja na jamaa zao. Binti anayehama shule aweza kukosekana katika orodha ya kule alikotoka na ya kule aendako. Ni wajibu wa mzazi kuulizia. Aidha, uvumi kwamba chanjo hii huleta ugumba hauna ukweli, na askari ajua kuwa uvumi ni silaha ya adui. Nao wanawake watu wazima, askari na wake wa askari, hawana budi kupimwa, kwani saratani ikigunduliwa mapema hutibika.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.