Kinga ya magari ya zamani dhidi ya panya

Kinga ya magari ya zamani dhidi ya panya ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili kuzuia panya na wagugunaji wengine wasiingie, wasijenge viota na wasiharibu gari la zamani lililowekwa miezi mingi bila kuendeshwa. Hatua hizo zina umuhimu hasa katika nchi zenye baridi kali, kama vile Marekani, Kanada, Uingereza na Ujerumani. Huko wamiliki wengi hufungia magari yao ndani kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi au Aprili ili kuyaepusha na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Nchini Ujerumani kuna hata namba za usajili za msimu, zilizoanza mwaka 1997, ambazo huruhusu gari kutembea barabarani miezi fulani tu ya mwaka.

Miezi hiyohiyo ndiyo panya nao hutafuta mahali pakavu pa kujikinga na baridi.

Sababu za panya kuingia garini

Gari lililosimama lina giza, utulivu na vitu vya kujengea kiota. Viti vya magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilijazwa singa za farasi, pamba au sufu, na nyaya zake za umeme zilifunikwa kwa mpira na nyuzi za pamba. Panya huvichana vitu hivyo na kuvifanya matandiko. Aidha, meno ya mbele ya wagugunaji hayaachi kukua maisha yao yote, na hupunguzwa kwa kuguguna. Kwa hiyo hutafuna hata vitu visivyo chakula.

Panya mdogo wa nyumbani (Mus musculus) anaweza kupita katika tundu la milimita 6 hivi, na panya wakubwa wa jenasi Rattus katika tundu la milimita 12 hivi. Hupanda kupitia matairi, kisha huingia kwenye nafasi za pedali, njia za hewa za hita, chujio la hewa au bomba la moshi.

Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa siku 19 hadi 21, huzaa watoto watano au sita kwa kawaida, na watoto hao huweza kuzaa wakiwa na umri wa wiki sita hivi. Hivyo jozi moja iliyoingia Novemba inaweza kuwa ukoo mzima kabla gari halijafunguliwa.

Madhara

Nyaya zilizotafunwa huweza kugusana na kusababisha hitilafu ya umeme au moto. Kiota kilichojengwa karibu na bomba la moshi huweza kuwaka injini inapopata joto. Mkojo wa panya hutia kutu vyuma na kuacha harufu katika viti na kitambaa cha dari ambayo ni vigumu kuiondoa.

Gari la kisasa likiharibiwa, kipuri kipya huagizwa. Hali ni tofauti kwa gari la zamani: kitambaa kilichowekwa kiwandani mwaka 1935 kikishatafunwa hakirudi tena, kinachopatikana ni nakala yake tu. Kwa kuwa wanunuzi na waamuzi wa maonyesho huthamini sana vitu vya asili vya gari, hasara hiyo haiondolewi na ukarabati, hata uwe mzuri kiasi gani.

Hatua za kinga

Kinga inayofaa zaidi ni kumzuia panya asifike kwenye gari. Hatua za kawaida ni hizi:

- Kuziba matundu ya banda kwa saruji, bati au wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, na kuweka ukingo imara chini ya mlango. Mbao, mpira na povu havitoshi, kwani hutafunwa.
- Kuondoa chakula cha wanyama, mbegu, maboksi na matambara bandani, na kukata nyasi zilizo karibu na kuta.
- Kusafisha gari ndani kabisa, pamoja na chini ya viti. Makombo machache ya biskuti yanatosha kumvuta panya.
- Kuziba bomba la moshi na mdomo wa chujio la hewa kwa wavu au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha kufunga kibandiko kwenye usukani kinachotaja kila tundu lililozibwa.
- Kuondoa au kukata betri, ili waya ukitafunwa usiwe na umeme.
- Kutega mitego kandokando ya kuta, kwa sababu panya hupenda kutembea wakigusa ukuta, na kuikagua kila wiki.

Njia zisizotegemewa

Mafuta ya mnanaa na sabuni zenye harufu kali hupoteza nguvu upesi. Naftalini ni sumu kwa watu pia, na harufu yake hubaki kwenye viti. Kuhusu vifaa vya sauti ya juu isiyosikika na binadamu, mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuwaonya kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi.

Sumu ya panya huua, lakini panya anaweza kufia ndani ya mlango wa gari na kuozea humo. Pia paka na bundi wanaokula panya huyo hudhurika.

Afya

Katika Amerika ya Kaskazini panya wa aina ya Peromyscus maniculatus hubeba aina ya virusi vya hanta iliyotambuliwa mwaka 1993 kusini-magharibi mwa Marekani. Mtu huambukizwa hasa kwa kuvuta vumbi lenye mkojo au kinyesi cha panya, na ugonjwa wa mapafu unaofuata huua zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu wanaoupata. Kwa hiyo kiota hakifagiliwi kikiwa kikavu, wala hakisafishwi kwa mashine ya kufyonza vumbi. Banda hufunguliwa lipate hewa kwa nusu saa, kisha kiota hulowanishwa kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa tisa, na kuachwa dakika tano kabla ya kuokotwa kwa glavu.

Wanyama wengine

Huko Ulaya ya Kati uharibifu wa nyaya na mabomba ya mpira mara nyingi hufanywa na Martes foina. Huyu si panya bali ni mla nyama, jamaa wa kicheche na nyegere, na tundu la kumpitisha ni kubwa zaidi.

Kabla ya kuwasha injini

Baada ya uhifadhi, boneti hufunguliwa kwanza. Chujio la hewa, nyaya, mapangaboi, njia za hita na sehemu za juu ya bomba la moshi hukaguliwa kwa tochi, na vizibo vyote huondolewa kwa kufuata kibandiko cha usukani. Betri hurudishwa mwisho.