Picha ya Jengo Ambalo Halijajengwa

Msanifu majengo hulazimika kumwonyesha mteja jinsi jengo litakavyokuwa kabla ya msingi kuchimbwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu, rangi na vielelezo vya mbao. Siku hizi kompyuta hutoa picha zinazofanana na zile zilizopigwa kwa kamera. Je, picha inayofanana na kweli yaweza kutegemewa?

Yafaa kwanza kueleza jinsi picha hizo zinavyopatikana. Kompyuta hupewa vipimo vya jengo, mahali palipo na taa au jua, na tabia ya kila uso: rangi yake, na kama unang'aa au la. Mwaka 1980 Turner Whitted, wa maabara ya Bell huko Marekani, alitangaza njia ya kuufuata mwale wa mwanga kinyumenyume, yaani kutoka kwenye jicho la mtazamaji, kupitia kila nukta ya picha, hadi kwenye kitu unachokigonga. Hapo mwale huakisiwa, hupinda ndani ya kioo, au huelekezwa kwenye taa ili ijulikane kama pana kivuli. Picha yake moja ya tufe mbili juu ya sakafu ya miraba ilichukua dakika 74 kukokotolewa.

Njia hiyo ilifaa kwa vioo na vyuma, lakini haikutosha kwa ukuta wa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hutawanya mwanga pande zote, na mwanga huo huziangaza kuta nyingine. Jambo hili huonekana hata darasani: karatasi nyekundu ikisimamishwa juani karibu na karatasi nyeupe, ile nyeupe huingia wekundu kidogo. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikokotoa mwanga huo kwa kuazima hesabu ambazo wahandisi walizitumia kujua jinsi joto linavyosafiri kati ya nyuso.

Watafiti wa Cornell hawakuridhika na uzuri wa picha. Walitengeneza sanduku halisi, wakapima mwanga ndani yake, wakalinganisha vipimo hivyo na hesabu zao. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1986, watu waliotakiwa kutofautisha taswira ya sanduku halisi na ile ya kompyuta hawakufanya vema kuliko mtu anayebahatisha.

Ulinganifu huo una maana kubwa. Programu nyingine hukusudiwa kupendeza macho tu, na mchoraji aweza kuongeza taa ambayo haitakuwapo. Nyingine, kama Radiance iliyoanzishwa na Greg Ward katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, hukokotoa kiasi halisi cha mwanga, ili ijulikane kama dawati litafaa kusomea.

Hasara ya kutoujali mwanga ilionekana London mwaka 2013. Ukuta wa vioo wa jengo la 20 Fenchurch Street, uliobonyea kama kioo cha kukusanyia miale, ulielekeza jua barabarani na kuyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa. Baadaye ilibidi vizuizi vya jua viwekwe.

Kwa hiyo mwanafunzi aonapo picha nzuri ya jengo lijalo, yampasa aulize: mwanga huu umekokotolewa kwa vipimo gani, na hesabu hizo zimewahi kulinganishwa na kitu halisi?