TWENDE TUKALALE SERENGETI

Ukipanda basi kutoka Mwanza kwenda Bunda na Musoma, utapita lango la Ndabaka. Lango hilo liko kando ya barabara. Ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Watu wengi wa Mara wamepita hapo mara nyingi, lakini hawajaingia hata siku moja. Husema, "Huko ni kwa wageni na matajiri."

Je, maneno hayo ni kweli? Si kweli. Hifadhi ni mali ya Taifa. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nchi za nje. Tena si lazima ulale katika hoteli kubwa. Huko Seronera, katikati ya hifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lina mabanda ya kulala na viwanja vya kupiga hema. Hakuna anasa, lakini utalala salama.

Nchi ya majabali

Watu wa Butiama na Musoma wanayajua majabali. Serengeti nako yako, yamesimama katikati ya mbuga kama visiwa ziwani. Simba hupenda kulala juu yake. Kusini ya Seronera yako majabali ya Moru. Humo zimo picha za ngao zilizochorwa na Wamasai zamani. Liko pia jiwe ambalo ukiligonga hulia kama chuma. Usishuke garini kabla ya kumwuliza askari wa hifadhi.

Ng'ombe na nyumbu

Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja. Kati ya Mei na Julai wengi hupita upande wa magharibi na kuvuka mto Grumeti. Mamba huwangoja majini.

Lakini zamani nyumbu walikuwa wachache. Kwa nini? Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki. Uliua ng'ombe, nyati na nyumbu. Baadaye ng'ombe wa wafugaji walichanjwa. Sotoka ilipokwisha kwa ng'ombe, ikaisha kwa nyumbu pia. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama robo milioni. Mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imekwisha duniani. Basi mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwenye chanjo aliwasaidia nyumbu bila kujua.

Kabla ya safari

Safari ya peke yako ni ghali. Changeni fedha, mkodi gari moja. Kumbukeni kuwa mtu hulipiwa, gari hulipiwa, na kitanda hulipiwa. Ulizeni bei mapema, na mjue malipo hufanywa kwa njia gani. Ulizeni pia kama mtapikiwa au mtajipikia. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa mvua udongo mweusi hunasa magari. Chukueni maji, tochi na nguo nzito, maana usiku kuna baridi. Msichukue mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku mwaka 2019.

Mkiwa bandani

Mabanda hayana ukuta wa kuzuia wanyama. Usiku utasikia fisi akilia, na pengine simba. Usitoke peke yako gizani. Ukitaka kwenda chooni, mwamshe mwenzako, washeni tochi, mwangalie kwanza. Usiweke matunda wala nyama hemani, kwa sababu harufu huita wanyama. Usiwape nyani chakula. Nyani akizoea kupewa, kesho atanyang'anya.

Lakini tembo je?

Mkulima wa Bunda anaweza kuuliza, "Kwa nini nilipe fedha kumwona tembo, naye hula mihogo yangu bure?" Swali hilo ni la haki. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja, jasho la msimu mzima limepotea. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Malipo hayo si fidia ya hasara yote. Hata hivyo, toa taarifa mara moja kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori.

Kumbuka pia kuwa kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1951, Waikoma, Wanata na Waishenyi waliwinda huko. Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959. Nchi hiyo ina historia ya babu zetu, si ya wanyama tu. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alisema Arusha mwaka 1961 kuwa kuwatunza wanyama hao ni dhamana tuliyopewa.

Mwenye dhamana hana budi kuijua mali anayoitunza. Siku wakubwa wa hifadhi watakapokuja kijijini kuzungumza juu ya mipaka na tembo, aliyelala Seronera atasimama mkutanoni na kusema analolijua kwa macho yake.

Basi jadilianeni kijijini. Anzeni kuchanga baada ya mavuno. Wapelekeni na watoto, kwa kuwa kesho dhamana hiyo ni yao.